Fahali wa Vipande Viwili

Yaliyompata Ersilia nayajua vizuri, maana nyumba yake na yangu zinagawana ukuta mmoja. Ilikuwa Jumapili ya Agosti hapa kwetu Tuscia, nchi ya Warumi wa kale, jua la kuchoma mpaka paka hawaonekani. Watu walishatoka misani, wamekula, wamekwenda kujinyoosha. Ersilia alikuwa anasugua sufuria ya mchuzi wa nyama, na mdogo wake Nevio amekaa mezani anamalizia mvinyo.

Nevio alikuwa mfukuaji wa makaburi ya kale, kazi ya kuwaficha polisi ilhali kijiji kizima kinaijua. Ersilia ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na alimpenda kuliko macho yake. Mnunuzi mkubwa wa Nevio alikuwa mume wa Ersilia, Oreste, mchinjaji mstaafu mwenye ugonjwa mmoja tu: pesa za shaba za Warumi wa mwanzo, wale waliolipana kwa matofali ya shaba kabla hawajajua sarafu za duara. Alikuwa na nusu ya tofali lenye picha ya fahali. Pembe, kichwa, miguu ya mbele, basi. Miaka nenda miaka rudi aliililia nusu ya nyuma.

Siku hiyo Nevio akaifungua kwenye kitambaa.

"Shemeji, leo utanibusu miguu!"

Oreste akachukua nusu yake, akavikutanisha vipande. Vikaingiana, hata unywele usipite katikati. Mzee mzima akatokwa na machozi.

"Umeitoa wapi?" Ersilia akauliza.

"Ng'ambo ya kijito, dada. Ile ya kwanza niliitoa upande huu." Nevio akashusha sauti. "Maiti wote wawili walivunjwa mbavu. Zote. Na kila mmoja kazikwa na nusu yake kifuani."

"Basi waliowazika walimtenganisha huyo fahali makusudi. Mwacheni hivyohivyo."

"Namtia lehemu," Oreste akasema.

"We shemeji una wazimu? Ukiunga unaliharibu, hakuna atakayelinunua!"

"Nani kakwambia nauza? Nataka nimwone amesimama kwa miguu minne, nife nimeridhika."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Ersilia alimsihi, akamshika mpaka mkono, lakini Oreste alishashuka ghalani chini ya nyumba na moto wake. Harufu ya risasi iliyoyeyuka ikapanda ngazi. Baada yake ikaja harufu nyingine, ya zizi. Kijijini kwetu hakuna anayefuga ng'ombe.

"Dada," Nevio akanong'ona, "unasikia?"

Kwato. Juu ya mawe ya ghala, taratibu.

Oreste akatokea mlangoni, uso unang'aa, tofali kalikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma yake ngazi zilikuwa tupu. Kitu kikapumua pale patupu, pumzi nzito ya moto, pazia likapepea.

Kisha Oreste akapaa.

Alirushwa mpaka dari. Akaanguka juu ya meza, meza ikapasuka. Akarushwa tena. Ersilia alisikia mbavu zikivunjika, moja baada ya nyingine, mlio wa kuni kavu. Nevio akamrukia shemeji yake amvute. Kosa. Kitu kikamgeukia yeye, kikambandika ukutani, na paja lake likapasuka kuanzia goti hadi nyonga. Damu ikaruka mpaka kwenye sufuria safi.

Mimi upande wa pili nilidhani nyumba inabomoka.

"Mama Maria! Oreste, livunje! Livunje hilo tofali!" Ersilia akapiga yowe.

Oreste alikuwa chali sakafuni, amelibana kifuani kwa mikono yote miwili. Ersilia akavuta. Hakuachia. Akamng'ata vidole. Hakuachia.

"Usimvunje," Oreste akanong'ona, damu inamtoka mdomoni. "Ndiyo kwanza amekamilika."

Ukutani Nevio alipigwa tena. Macho yake yalianza kugeuka meupe.

"Dada..."

Ersilia akachomoa shoka la mifupa, lile la mumewe la buchani. Akaligeuza upande butu. Akapiga. Tofali likalia kama kengele. Oreste akatikisa kichwa, hapana, hapana. Akapiga tena, analia, anamwita mumewe kwa jina la uchumba wao. Pigo la tatu lehemu ikaachia, tofali likawa vipande viwili, na kifua kilichokuwa chini yake kikabonyea chote.

Kukawa kimya. Nevio akateleza ukutani, yuko hai.

Gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya Viterbo. Polisi walipofika, Ersilia alikuwa ameketi sakafuni na shoka mapajani.

"Nimemuua mume wangu ili mdogo wangu aishi," aliwaambia. "Nipelekeni mnakotaka. Mradi anaishi."

Walipomtoa, mimi nilibaki kuangalia bustani yake ya maharage. Kwenye udongo laini kulikuwa na nyayo mpya za ng'ombe mkubwa. Zilianzia mlangoni, zikagawanyika njia mbili. Kila upande zilikuwa za miguu miwili tu, na katikati mfereji wa damu, kama kitu kilichokuwa kinaburuta tumbo. Njia moja iliteremka kijitoni.

Nyingine ilipita langoni, ambapo pembe zilikuwa zimekwangua nguzo mpaka mbao nyeupe ikaonekana, kisha ikashika barabara ya Viterbo.