Namba 214 Imeshapiga Kura

Kila msimu wa kahawa ulipofika, Mektrida aliitikia kwa jina la mtu mwingine.

"Wenseslaus!" aliita Jovin, karani wa mizani.

"Nipo," alijibu Mektrida. Alisogeza gunia lake la kahawa mbivu mbele.

Wenseslaus alikuwa mume wake. Alifariki miaka tisa iliyopita. Kaburi lake liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, hatua chache kutoka jikoni. Lakini katika Chama cha Ushirika cha Kisereni, kijiji kilicho juu ya mji wa Moshi, jina lake lilikuwa bado hai. Namba yake ilikuwa 214.

Hakuna aliyeshangaa. Kisereni walizoea hivyo. Mzee akifariki, kihamba kinabaki, kahawa inabaki, na namba yake inabaki. Kuifuta namba waliona ni kama kumtoa mzee nyumbani kwake. Kwa hiyo wajane na watoto walipeleka kahawa kwa majina ya marehemu, wakaitikia "nipo" bila hata kucheka.

Mektrida hakuwa na shida na hilo. Shida yake ilikuwa goti. Goti la kulia lilimuuma hasa wakati wa kupanda mlima. Bahati nzuri, mashine ya kumenya kahawa ilikuwa karibu, kando ya mto. Dakika kumi tu na gunia kichwani, amefika.

Mwaka ule chama kilikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti. Mzee Basili, mwenyekiti wa siku zote, aligombea tena. Alitaka kuihamishia mashine chini, kando ya barabara ya lami, kwenye jengo jipya. Mama Elinipendo, mkulima mwenzao, naye aligombea. Yeye alisema mashine ibaki mtoni.

"Ikienda barabarani, mimi nimekwisha," Mektrida alimwambia ng'ombe wake asubuhi ya uchaguzi, akimkatia majani ya migomba. "Saa nzima kushuka. Kurudi sijui ni lini. Leo lazima nipige kura."

Alivaa kitenge kipya akaenda.

Ukumbini alikuta mezani vishikwambi vitatu, mashine bapa za kubonyeza kwa kidole.

"Shikamoo, mama," alisema Jovin. "Mwaka huu hakuna karatasi. Tunapiga kura kisasa. Walio mbali wanapiga kwa simu. Andika namba yako ya uanachama, halafu namba ya siri."

"Namba ya siri ni ipi?"

"Moja mbili tatu nne."

"Hiyo ni yangu peke yangu?"

"Ni ya watu wote, mama. Ili msisahau."

Mektrida aliandika 214. Akaandika moja mbili tatu nne. Yakatokea maandishi mekundu: NAMBA 214 IMESHAPIGA KURA.

"Jovin, mimi sijapiga."

"Mashine inasema umepiga. Labda umesahau."

"Nimesahau? Nimetoka kukamua ng'ombe sasa hivi!"

Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika, foleni ni ndefu. Mektrida aliona aibu. Akatoka nje na kitenge chake kipya. Jioni Jovin alisoma matokeo. Mzee Basili kura 271. Mama Elinipendo kura 88. Watu wakapiga makofi, lakini makofi yenyewe yalikuwa machache. Ukumbi haukuwa na watu wengi kiasi hicho.

Mektrida hakupika kitu cha maana siku ile. Alikuwa na hasira. Kesho yake, baada ya misa, alishuka njia panda kwenye kibanda cha Rukia.

Rukia alizaliwa mtaa wa Soweto, mjini Moshi. Aliolewa Kisereni, na sasa alikuwa wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Siku nzima kazi yake ni watu na namba zao za siri. Alimsikiliza Mektrida mpaka mwisho, halafu akaweka simu yake chini.

"Mama Shedrack, mtu akija hapa akanitajia namba yake ya siri, mimi namfanya nini?"

"Unamfokea. Mimi mwenyewe ulishanifokea."

"Nilikufokea kwa sababu nakupenda. Namba ya siri ya watu wote si siri. Ni kufuli moja na kijiji kizima kina funguo."

"Kwa hiyo ile mashine imeniibia?"

"Mashine haina ubaya wala uzuri. Inahesabu kile inachopewa. Mtu yeyote anayeijua namba ya mzee wako angeweza kupiga kura, hata akiwa Dar, amelala kitandani. Wazee wangapi kwenye kile kitabu cha chama wameshafariki?"

Mektrida alihesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Halafu akasema, "Maee! Rukia, hilo naweza kukujibu. Ninalo daftari."

Mektrida alikuwa katibu wa jumuiya yake ya kanisa. Kila mwezi wa Novemba Wakatoliki wa Kisereni huwaombea marehemu wao. Kila jumuiya huwa na daftari la majina, na majina hayo husomwa moja moja kwenye misa. Katika kijiji kizima hakukuwa na orodha ya marehemu iliyo sahihi kuliko hizo, kwa sababu hakuna anayekubali baba yake asahaulike kwenye maombi.

Wiki ile Mektrida alizunguka kwa makatibu wa jumuiya nyingine tatu. Walikusanyika kwake na madaftari yao. Wakanywa mtori wa ndizi, kisha wakaenda kwa Jovin. Hawakupiga kelele.

"Jovin mwanangu," alisema Mektrida, "mashine inajua nani amepiga kura?"

"Inajua namba iliyopiga. Amemchagua nani, haionyeshi. Hiyo ni siri."

"Na iwe siri. Sisi tunataka zile namba tu. Masharti ya chama yanaruhusu mwanachama kuona orodha?"

Jovin alikuwa mzembe kidogo, lakini hakuwa mtu mbaya. Alitoa masharti, akayasoma kwa kidole, akakuta wanaruhusiwa. Wakaketi. Mmoja alisoma namba na jina, wengine walitafuta kwenye madaftari ya Novemba. Ilichukua mchana mzima. Walipomaliza, Jovin alikuwa anajifuta jasho.

Marehemu themanini na mmoja walikuwa wamepiga kura.

"Na mimi niliona kila kitu kiko sawa," alisema Jovin kwa sauti ndogo. "Mama, nisamehe. Niliingiza majina kama nilivyoyakuta."

Kwenye ile orodha, pembeni ya namba 214, kulikuwa na maneno: kwa simu, saa tatu asubuhi. Mektrida aliyaangalia sana. Ukimwacha Jovin, nje ya nyumba yake mtu aliyeijua namba ile alikuwa mmoja tu. Jioni alimpigia simu mwanawe wa mwisho, Shedrack, anayefanya kazi Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shedrack, umepiga kura ya chama?"

"Ndiyo, mama! Tulitumiwa ujumbe kwenye kundi la wasapu la vijana wa Kisereni. Wakasema kila mtoto apige kwa namba ya mzee wake, tusiache kura zipotee. Nami ndiye mrithi wa kihamba, si ndiyo?"

"Ukamchagua nani?"

"Mzee Basili. Walituma picha ya lile jengo la barabarani. Zuri sana!"

"Shedrack, kahawa ya baba yako anaichuma nani?"

"Wewe, mama."

"Anaibeba nani?"

"Wewe."

"Basi umepeleka gunia langu barabarani, saa nzima ya mteremko, na goti langu hili. Nami nimefukuzwa ukumbini kama mwizi."

Shedrack akasema, "Mama, sikujua. Kweli sikujua. Nisamehe." Mektrida alimsamehe palepale, kwa sababu ni mtoto wake, lakini hakumwambia siku hiyo. Alimwacha alale na jambo hilo usiku mmoja.

Habari za marehemu zilienea haraka. Wengine walitaka kwenda kuvunja vishikwambi. Mama Elinipendo mwenyewe aliwakataza. Mektrida alirudi kwa Rukia.

"Utuandikie barua kwa chama, uchaguzi urudiwe," alimwomba.

"Mimi si mwanachama, mama. Barua mwandike nyinyi, msaini nyinyi. Mimi nitawaambia tu mambo ya kuomba."

Akamweleza taratibu, huku akihudumia wateja dirishani.

"Kwanza, orodha ya wapiga kura ibandikwe ukutani wiki mbili kabla. Kila mtu aisome. Aliyefariki atolewe, na ukoo ukae uandike ni nani anachukua nafasi yake. Pili, kila mtu achague namba yake ya siri, asimwambie hata mumewe."

"Wangu hawezi tena kuniuliza," alisema Mektrida, na wote wawili wakacheka.

"Tatu, mashine ijaribiwe mbele ya watu kabla ya kuanza. Pigeni kura ishirini za majaribio, mhesabu. Na kubwa kuliko yote, mashine itoe karatasi ndogo. Ukishabonyeza, karatasi inatoka na jina la uliyemchagua. Jina lako wewe halipo. Unaisoma. Ikiwa sawa, unaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Usitoke nayo nje."

"Kwa nini? Si ni yangu?"

"Ukitoka nayo, kuna mtu atakuambia, nionyeshe ulimchagua nani. Siri itakuwa imekwisha. Ikibaki sandukuni, inalinda kura yako. Mashine ikisema mia, fungueni sanduku mhesabu karatasi. Zikiwa mia, vizuri. Zikiwa themanini, hapo mnauliza."

Barua iliandikwa. Watu arobaini na watatu walisaini, na mmoja aliweka dole gumba. Mkutano uliitishwa. Mzee Basili alikuja amenuna. Alisema watu hawataki maendeleo.

Mektrida alisimama. Hakuwahi kuzungumza mkutanoni hata siku moja.

"Mzee wangu, sisi hatukatai mashine. Tunataka kila mtu apige kura yake. Hapa kuna namba 17. Imepiga kura. Ni ya nani?"

Mzee Basili alivaa miwani. Akasoma. Akasoma tena. Ilikuwa namba ya baba yake mzazi, aliyezikwa miaka ishirini iliyopita.

Kisha mabega ya Mzee Basili yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Jamani," alisema, "baba yangu hata alipokuwa hai hakunipigia kura. Huu uchaguzi una kasoro. Turudie."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Uchaguzi ukapangwa upya.

Orodha ilibandikwa ukutani. Koo zilikaa vikao. Shedrack alipanda basi kutoka Dar, akakaa na wajomba na baba zake wadogo, akaandika kwa mkono wake kwamba nafasi ya baba kwenye chama ni ya mama. Alipomaliza kusaini aliinuka, akaenda kaburini kwa baba yake, akang'oa majani. Mama yake alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alimwongezea nyama kwenye sahani.

Siku ya kupiga kura, mashine zilijaribiwa mbele ya wote. Safari hii kura zilipigwa ukumbini tu. Mektrida aliandika namba yake ya siri, ambayo mimi siijui, na hata Rukia haijui. Alibonyeza. Karatasi ndogo ikatoka. Aliisoma polepole: Elinipendo. Akaikunja mara mbili na kuitumbukiza.

Mashine zilisema kura 291. Sanduku likafunguliwa, watu wa pande zote mbili wakahesabu karatasi. Zilikuwa 290.

"Hesabuni tena," alisema Mektrida.

Wakahesabu tena. 290. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Jovin akaligeuza sanduku, akalitikisa, akaingiza kidole kwenye tundu la kutumbukizia. Karatasi moja ilikuwa imenasa pale, imekunjwa mara mbili. Haikujulikana ni ya nani, na ndivyo inavyotakiwa. Ilifunguliwa mbele ya wote: Elinipendo.

Mzee Basili 151. Mama Elinipendo 140. Matokeo yalisainiwa na kubandikwa mlangoni.

Basi Mektrida alishindwa. Alijitazama moyoni kama ana hasira, hakuiona. Safari hii alishindwa na watu walio hai, aliowaona kwa macho yake wakipanga foleni. Alimpa Mzee Basili mkono.

Mzee Basili aliushika mkono ule muda mrefu, huku akitazama mlangoni.

"Mama Shedrack, ile mara ya kwanza niliambiwa watu wote wanataka mashine iende barabarani. Kumbe karibu nusu yenu hamtaki. Nikiihamisha, hao mia moja na arobaini wataendelea kuniletea kahawa huko chini, magunia kichwani?" Siku kumi baadaye kamati ilikaa. Mashine ilibaki mtoni. Lile jengo la barabarani likawa ghala la mbolea.

Jumamosi iliyofuata Mektrida alipeleka kahawa. Dakika kumi, amefika. Alitua gunia, akasimama na wenzake kusubiri zamu.

"Mektrida!" aliita Jovin.

Hakuna aliyejibu.

"Mektrida! Namba 214!"

Mektrida aligeuka nyuma amtafute huyo anayechelewesha watu. Wenzake walimtazama, wakaanza kucheka. Ndipo alipoelewa. Alishika kiuno akacheka nao, kisha akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akasogeza gunia lake mbele.

"Nipo," alisema.