Anayemfuata Aika

Nukta ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, nayo ilikuwa juu ya njia, mbali nyuma ya mwanamke aliyejitwika debe la maji. Naftali aliikwangua kwa wembe akidhani ni tone la wino. Alipoichukua karatasi iliyofuata, aliikuta nukta nyingine, kubwa kidogo kuliko ile, na ilikuwa imesogea mbele.

Hayo yalitokea Themi, zama za Mwingereza, wakati gari la sinema la serikali lilipokuwa likija Arusha na kutundika shuka jeupe uwanjani. Wengi walikwenda kucheka. Naftali, kijana wa Kimeru aliyetoka Kikwe kuja kujifunza uchoraji kwa Eliasi, fundi wa mabango ya maduka, alikwenda akaona picha zilizochorwa kwa mkono zikitembea, na tangu hapo hakutamani kitu kingine duniani. Alichunguza mpaka akalijua jambo lenyewe: ni karatasi nyingi, kila moja ikipishana kidogo na mwenzake, na mtu akizifyatua kwa kidole gumba jicho hudanganyika. Akaanza kumchora mdogo wake Aika, aliyeishi naye na kumpikia, akirudi kutoka mtoni.

Kazi hiyo haifanyiki bila kioo. Mchoraji huweka karatasi tupu juu ya ile aliyokwisha kuichora, akazibana dirishani ili mwanga upenye, kisha akaifuata mistari ya chini huku akiisogeza miguu kidogo. Dirisha la chumba chao lilikuwa la mbao tupu. Kioo cha kutia hapo alikitoa katika nyumba ya mlowezi iliyoachwa ng'ambo ya mto, nyumba ambamo watu hawakuwa wamechukua hata msumari mmoja, ingawa mabati yake yalikuwa mazima. Eliasi alimuuliza kama hakushangazwa na hilo. Naftali akajibu kwamba yeye amebatizwa, na kioo ni kioo.

Alipomaliza fungu la kwanza alimpelekea mwalimu wake. Eliasi alifuta rangi mikononi, akazifyatua karatasi, akacheka kidogo.

"Dada yako unamtembeza kama meza inayohamishwa," alisema. "Lakini huyu wa nyuma, anayeburuta mguu, huyu umempatia hasa. Ni nani?"

Naftali alitaka kusema kwamba hakuna mtu wa nyuma. Akazitazama. Ile nukta ilikuwa imeota mabega. Mistari yake ilikuwa ya kalamu yake mwenyewe, na mkono ulioichora ulikuwa wake. Ila jicho lake lilikuwa limeifuata mistari iliyoonekana kupitia kioo, bila kuuliza kama ilikuwa kwenye karatasi ya chini au ng'ambo ya kioo.

Angeacha siku ile, yangekwisha. Lakini mjini alikuwapo Bwana Hollis, Mzungu aliyetengeneza filamu za kilimo cha kahawa, naye alitangaza kwamba anatafuta kijana mmoja wa kwenda naye Dar es Salaam kufundishwa kuchora picha za sinema. Kijana mmoja tu. Naftali alivaa shati lake la kanisani, akaenda kumwonyesha. Bwana Hollis alianza kuzitazama huku akipiga miayo, akarudia mara ya pili akiwa ameketi wima.

"Mwanamke hana uhai," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Huyu wa nyuma anao. Hata kwetu sijaona mwendo kama huu. Endelea mpaka amfikie. Niletee Ijumaa, na nafasi ni yako."

Naftali akaendelea. Asubuhi alichora, na jioni Aika alirudi kutoka mtoni akiwa kimya kuliko jana. Mwanzoni alisema kwamba alisikia mtu akiburuta mguu mchangani, mbali. Kesho yake alisema harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilimfuata hadi mlangoni, naye kila alipogeuka hakuona ila migomba. Naftali alimwambia ni uchovu, akarudi kiooni, maana Ijumaa ilikuwa inakaribia na yule wa nyuma alikuwa amepata shingo, na vidole, na namna ya kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, na kila mstari ulikuja wenyewe, mtamu mkononi, hata kijana akawa anachora huku akitabasamu bila kujua, na chumba kikinuka majivu mabichi, na nje ya dirisha pale ambapo palipasa kuwa na jua pakiwa na kivuli kisichokuwa cha mti.

Aika akaingia, akalitua debe.

"Kaka," alinong'ona, "leo amenipumulia shingoni."

Naftali akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Kati ya mkono wa yule wa nyuma na shingo ya mwanamke haikubaki nafasi ya kupitisha unyasi. Kalamu ikamponyoka.

Aliyemsaidia alikuwa mzee Lerionka wa Terrat, mganga wa Kiarusha ambaye hata Wakristo walimwendea kwa kupita nyuma ya nyumba. Mzee alimwitikia shikamoo yake, akazitazama karatasi kwa muda mrefu bila kuzigusa. Kijana alipopendekeza kuzichoma, Lerionka alitikisa kichwa.

"Ukizichoma utaiteketeza njia, na yeye atabaki amesimama hapo alipo, hatua moja kutoka kwa dada yako. Alikuwa nyuma ya kile kioo akingoja mtu wa kumpa miguu. Umempa. Sasa mchore akigeuka. Mchore akirudi alikotoka, mpaka aishe. Kisha karatasi zote pamoja na kioo vitie mtoni siku hiyo hiyo, na asizione mtu mwingine. Umenisikia, kijana?"

Naftali alisikia. Alhamisi yote alichora, jasho likimtoka, na yule wa nyuma aligeuka shingo upande, akageuka mwili, akaenda zake akiburuta mguu, akawa mdogo, akawa nukta, njia ikabaki tupu. Harufu ikatoka chumbani. Aika aliimba wimbo wa kanisani akimenya ndizi, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima.

Ijumaa asubuhi Naftali akakitupa kioo mtoni. Karatasi zikabaki kwapani. Aliwaza kwamba ule mwendo wa kurudi ndio kazi bora aliyowahi kufanya, na kwamba yule kiumbe amekwisha kwenda, na kwamba Dar es Salaam haiji mara mbili. Akaelekea mjini.

Bwana Hollis alizifyatua, akakunja uso. Alisema aliomba mtu amfikie mwanamke, si amkimbie. Naftali alianza kueleza, lakini watu wa kazi ile wana desturi yao: mwendo huukagua pande zote mbili. Mzungu akaligeuza bunda, akaziachia karatasi kuanzia ya mwisho.

Njia tupu ikaota nukta. Nukta ikawa mtu, akaja kinyumenyume, mgongo mbele, akiburuta mguu, upesi kuliko alivyoondoka. Alipofika nyuma ya mwanamke aligeuza uso. Karatasi iliyofuata haikuwa na mtu yeyote, si yeye wala mwanamke.

"Hapo sasa," alisema Bwana Hollis, akicheka kwa furaha. "Nafasi ni yako."

Naftali hakungoja. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mchana kweupe hadi kwenye mapaa, naye alikimbia ndani yake akiita jina la dada yake. Akamkuta amekaa nje, mbali kidogo na kizingiti, kisu mapajani, mzima. Alitaka kumshukuru Mungu. Ila Aika hakuinua uso.

"Mgeni wako yumo ndani, kaka. Anasema mimi hanihitaji tena, anakutaka wewe uliyempeleka na kumrudisha. Amekaa mezani pako, anachora."

"Anachora nini?"

"Anakuchora wewe."

Naftali aliuamuru mguu wake urudi nyuma. Mguu ukainuka, ukaning'inia hewani, ukatua mbele, kuelekea mlangoni. Kisha ukatulia. Ndani kulisikika karatasi mpya ikitandazwa mezani, taratibu, na kusawazishwa kwa kiganja. Ndipo mguu wa pili ulipoinuka.