Sahihi ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimsaidia mama yake mdogo kupanga mikate kwenye rafu za waya. Mama mdogo alikuwa mwoka mikate, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na tanuri, meza ndefu na joto lisilotoka hata milango ikifunguliwa yote. Jina la Kasuku alipewa na wateja, maana msichana huyu alirudia kila alichosikia neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha msemaji.

“Mama mdogo, sema tena,” alisema asubuhi hiyo, kalamu mkononi.

“Niseme nini? Nimesema usiukate huo mkate, haujapoa, utagandia kisu. Ndiyo ya kuandika hayo?”

“Ndiyo. Weka sahihi hapa.”

“Makubwa! Siku hizi hadi mkate unatiwa sahihi.”

Kazi hiyo ilitoka kwa mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amelifundisha darasa neno moja la ubaridi, “cool”, ambalo Waingereza hulitumia pia kusifu viatu, na hata kumweleza mtu asiyebabaika. Watoto walitoka wakilishangaa. Mwalimu wa Kiswahili alipowasikia, alishika kiuno.

“Mnashangaa la jirani, na lenu mnalo mdomoni kutwa nzima? Uji unapoa. Hasira zinapoa. Soko linapoa. Mkiulizwa mambo, mnajibu poa! Nileteeni sentensi tano zenye neno hilo. Msizitunge. Zisikieni kwa masikio yenu, na kila aliyesema aweke sahihi.”

Kasuku alipata nne upesi. Ya kwanza ilikuwa ya mama mdogo. Fundi viatu wa jirani alisema biashara imepoa, hata nzi haingii. Mteja mmoja alimwambia mwenzake ampe mtoto uji homa ikipoa. Kijiti, mwenzake wa dawati, alisema, “Kalamu yako poa, umeiba wapi?”

Ya tano alimwekea mama.

Mama yake alikuwa muuguzi katika hospitali ya mbali, na huu ulikuwa mwezi wa tisa tangu aondoke. Alipiga simu kila Jumamosi saa kumi. Aliuliza kama mtoto amekula, kama sare bado inamtosha, kama anamsikiliza mama mdogo. Kisha akaitwa wodini. Jumamosi hiyo Kasuku alitega sikio mpaka likauma. Mama hakulisema neno la mwalimu, wala hakusema lile ambalo Kasuku alikuwa akilingoja miezi yote tisa.

Jumapili akaliandika mwenyewe: “Mwanangu, roho yangu haitapoa mpaka nikutie machoni.” Pembeni akanakili sahihi ya mama kutoka kwenye ripoti ya zamani ya shule. Aliisoma sentensi hiyo mara nyingi, mpaka akaanza kuisikia kwa sauti ya mama.

Jumatatu mwalimu aliisoma kimya, halafu akalisomea darasa zima.

“Mama yako anaongea kama kitabu,” Kijiti alinong’ona.

“Hii tutaibandika kwenye ubao wa matangazo,” mwalimu alisema. “Kesho nitampigia mama yako nimwombe ruhusa. Maneno ya mtu hayabandikwi hivi hivi.”

Adhabu haikumtisha Kasuku sana. Alichoogopa ni mama kuulizwa, kisha ajibu, “Mimi sijasema hivyo,” na huo ndio uwe ukweli.

Alipofika nyumbani, alimweleza mama mdogo yote. Mama mdogo alijipangusa unga mikononi.

“We mtoto! Umemtilia mama yako maneno mdomoni? Basi ayasikie kwako kwanza. Simu hii hapa.”

Mama alipopokea, Kasuku alisema upesi kabla hajaishiwa na ujasiri. “Mama, nimekusingizia.” Akamsomea.

“Sijasema hivyo,” mama alisema.

“Najua.”

“Sijasema kwa sababu nikianza nitalia, nawe utalia, na dakika zetu zote ziishie kwenye kamasi. Ndiyo maana nakuuliza habari za sare.” Akavuta pumzi. “Unajua Jumamosi nafanya nini? Saa tisa namimina chai. Nakaa na simu mkononi nikingoja saa kumi. Nikikikumbuka kikombe, chai imeshapoa. Kila Jumamosi, mwanangu. Wenzangu wananicheka, eti chai yangu ni ya kutazama.”

Kasuku alipapasa mezani akitafuta kalamu. “Sema tena, mama. Polepole.”

Baadaye mama aliiandika sentensi ile ya chai kwa mkono, akaitia sahihi, akaipiga picha na kuituma kwenye simu ya mama mdogo.

Siku iliyofuata, kabla ya kengele, Kasuku alisimama mbele ya meza ya mwalimu, simu ya mama mdogo mkononi, na kukiri. Mwalimu alizisoma sentensi zote mbili.

“Leo utaliambia darasa ulichofanya,” alisema. “Ulitamani kusikia jambo, ukaliandika kana kwamba umeshalisikia. Kutamani si kosa. Kosa ni kumsemea mtu na kumwekea sahihi. Na tazama hasara yake: kama usingesema kweli, habari ya chai hii usingeijua kamwe.”

“Na ile niliyotunga, mwalimu, niichane?”

“Kwa nini? Roho inayosemwa humo ni ya nani?”

Kasuku alifikiri kidogo. Akaikata sahihi ya bandia kwa mstari, akafuta “Mwanangu”, akaandika “Mama”. Kisha akaweka jina lake.