Kilio cha Mtu Aliye Hai

Mtaa wa maduka ya vitenge pale Butembo ulijaa watu, pikipiki zikipiga honi kwa fujo, na bado sauti moja ilizipita zote. Élysée aligeuka. Dada mrefu wa gauni la kijani, viatu vyekundu kwa vumbi, alikuwa akigombania bei na mwenye duka.

"Dada, unaimbaka wapi?"

"Mi niko nabishana bei, weye unasikia wimbo?"

"Nasikia. Njo kazi yangu."

Kweli ilikuwa kazi yake. Élysée alitunga michezo ya kuigiza inayoimbwa, na kila onyesho alialika waimbaji wageni. Wageni hao walikuwa wamemtia adabu. Mmoja aliushusha wimbo mzima ufuate koo lake, mwingine alibadili maneno mbele ya watu, na mara zote wimbo ukawa bora kuliko alivyouandika. Mtunzi mwenye kiburi, alipenda kusema, aalike mgeni mmoja tu, atapona.

Dada huyo aliitwa Bénite, muuza vitenge na mwimbaji wa kwaya huko Bungulu, mjini Beni, aliyekuja Butembo kununua mali. Alikubali wimbo wa mjane, anayeimba amevaa nguo nyeusi. Waimbaji watatu walikuwa wameukataa. Mazoezi wakayafanya kwa simu, Élysée akipiga piano, na mapenzi hayakuomba ruhusa.

"Mupenzi, pale unavuta pumuzi mapema."

"Ni sababu yako. Ukinisikiliza, nashindwa kupumua."

Wiki mbili kabla ya onyesho, Élysée alisema atakwenda Beni kujitambulisha kwa baba yake. Bénite alicheka, akalia, akakubali. Asubuhi yake akapiga simu.

"Ile wimbo sitaimba tena. Tafuta mwengine."

"Jana ulikubali mimi, leo unakatala kazi yangu? Donc ulikuwa unanichezea?"

"Élysée, hapana, sikiliza..."

Élysée alikata simu. Hasira hasara. Siku tatu hakupokea simu zake. Siku hizo hizo habari za mauaji zilifika kutoka njia ya Eringeti, kaskazini mwa Beni, na watu wa Butembo wakaanza kuulizana nani yuko safarini.

Siku ya nne aliyepiga simu alikuwa Mama Jokébed, mama yake Bénite.

"Mwanangu, ule mutoto hakukatala wimbo. Binti havalake nguo ya kilio kama mutu hajakufa. Wakati hakuwa na bwana, alisema ni mchezo tu. Sasa yuko na weye. Anaogopa akikulilia ungali muzima, kifo kitasikia."

Aibu ilimshika Élysée hadi masikioni. Alimpigia Bénite palepale.

"Nisamehe, chérie. Naondoa ile wimbo."

"Usiondoe. Bamama ba huku bako na ile kilio ndani ya roho, habana mutu wa kubaimbia. Nitaimba. Mais sitavaa nyeusi, na weye usikae ku piano. Simama mbele yangu, batu bote bakuone."

Siku ya onyesho Bénite alikuja amevaa kitenge cha njano, kilemba juu, akang'aa. Ukumbi ulijaa. Alipofika ubeti wa pili, wanawake wa viti vya mbele walianza kulia kilio cha kweli, na wawili walijifunika vichwa wakatoka. Élysée, aliyeitunga huzuni hiyo huku ameshiba, aliuogopa wimbo wake mwenyewe. Bénite hakutoa chozi. Alimshika Élysée kifundo cha mkono, kidole juu ya mshipa, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hakuna aliyepiga makofi.

Nyuma ya pazia alikuwa bado hajamwachia.

"Utaniowa?"

"Kesho nakwenda kwa baba yako."

"Tupande gari moja."

"Barabara si muzuri siku hizi. Weye bakia hapa kwanza, nitangulie."

"Hapana, Élysée. Kama kuko ubaya, utupate bote. Ile wimbo ya mjane sitaiimba mara ya pili."