Kwa Nini Nyumba ya Abílio Haikuungua

Domingas alikoka moto, akabandika mahindi. Mumewe Abílio alitoka na jembe begani.

"Hujambo, jirani?" Abílio alimwamkia Ermelinda.

Ermelinda alitema tambuu, akaingia ndani ya kibanda chake cha mabati.

Ilikuwa hivyo tangu mwaka ule Timor ilipopiga kura ya uhuru. Wanamgambo waliopinga uhuru walichoma kijiji chote, ila nyumba ya Abílio ilipona. Watu wakasema, "Ni yeye aliyewaonyesha njia." Abílio alikana mpaka akachoka. Harusini haitwi, msibani haitwi.

Sasa Martinho, mmoja wa wale wachomaji, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitaka kumpa Ermelinda nguruwe, yaishe kimyakimya.

"Wakila nguruwe jikoni, jina lako litabaki na uchafu wake," Domingas alimwambia mumewe. "Mwache aseme hadharani."

"Na akisema uongo hadharani? Si nitakuwa nimekwisha, mke wangu?"

Siku hiyo Celestina, mfanyakazi wa Tume ya Ukweli, alipita kuwaita watu kikaoni. Domingas akamuuliza, "Dada, nguruwe hatoshi?"

"Nguruwe atashibisha nyumba mbili," Celestina alijibu. "Uvumi mmeula kijiji kizima. Basi na ukweli uliwe na kijiji kizima. Aliyeua atakwenda mahakamani. Aliyechoma au kuiba atasema mbele ya watu, aulizwe, aombe msamaha, kisha awafanyie kazi aliowaumiza."

"Na akificha?"

"Mkeka wa kikao haukunjwi mpaka maswali yaishe. Si ndiyo mila yenu?"

Mkeka ukatandikwa mbele ya kanisa. Wazee wakaketi juu yake. Martinho akasema, kichwa chini, "Nilichoma nyumba ya Ermelinda. Na nyingine nyingi."

Domingas alisimama.

"Martinho, nani aliwaonyesha njia?"

"Nani anionyeshe, dada? Mimi nimezaliwa hapa."

Watu wakanong'ona.

"Mbona yetu hukuichoma?"

Mzee mmoja akagonga mkeka kwa kiganja. "Sema, mwanangu. Sisi hatuna haraka."

"Nilifika mlangoni. Nikatikisa dumu. Petroli ilikuwa imeisha."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Lo!" mzee akasema. "Tumemchukia mtu kwa sababu ya dumu tupu!"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Ermelinda akainuka taratibu.

"Nilimsingizia Abílio kisimani, mbele ya wanawake. Leo nasema mbele ya wote: nilikosa. Nisamehe, shemeji."

Abílio aliitikia kwa kichwa.

Wakakubaliana Martinho awajengee aliowachomea, akianza na Ermelinda. Wapo wasiomsalimia Martinho hata leo. Ukweli haufufui wafu, na msamaha haulazimishwi. Lakini hakuna tena anayebeba kosa la mwenzake.

Siku ya kuezeka nyumba yake mpya, Ermelinda mwenyewe alimwita Abílio. Domingas alikuwa chini akipakua wali, akasikia jirani yake akipiga kelele:

"Shemeji, kaza hizo kamba! Nikinyeshewa nitahamia kwako!"

"Afadhali nizikaze mara mbili!" Abílio akajibu kutoka juu ya paa.

Wote wakacheka. Domingas akaongeza sahani moja, ya Martinho, akaiweka pamoja na nyingine.