Kiti cha Felisian

Siku ya mechi ya kwanza ya msimu, upepo wa Sumbawanga ulikuwa unawamwagia watu vumbi machoni, na bado hakuna aliyeondoka langoni. Timu yao, Mbizi Rangers, ilikuwa imepanda daraja baada ya miaka mingi ya kuahidi na kushindwa, kwa hiyo mji mzima ulikuwa pale: wauza karanga, waendesha bodaboda, walimu, hata watawa wawili waliojifanya wanapita tu. Tiketi zilikuwa zimeisha tangu asubuhi.

Salome alifika akitokea sokoni. Alikuwa anauza samaki, migebuka mikavu, ambayo aliifuata mwenyewe kwao Kabwe, ziwani, akairudisha mjini juu ya magari ya mizigo. Alivaa sweta la bluu, rangi ya timu, juu ya kitenge kilichopauka, na kilemba alikifunga kwa uangalifu kuliko siku zote, maana alitaka walau jioni moja asionekane muuza samaki. Alipoambiwa tiketi hakuna, hakubishana. Uchovu aliokuwa nao haukumwachia nguvu ya kubishana na mtu.

Pembeni ya lango alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi lililojaa vumbi la bondeni. Alishika kadi ya msimu, lakini hakuwa anaingia. Alimtazama Salome akigeuka kuondoka, akamwita.

"Dada, mimi nina viti viwili. Kimoja hakina mtu."

"Unauza bei gani?"

"Siuzi."

Salome alimwangalia kuanzia viatu hadi kofia. Wanaume wasiouza kitu alikuwa anawajua vizuri, na kwa kawaida hao ndio wa gharama kubwa.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka mtu akae pale," alisema yule mwanamume. "Nikikaa mimi peke yangu sitaangalia mpira."

Hivyo ndivyo Salome alivyoingia uwanjani na Gaudensi, dereva wa lori anayeleta mpunga kutoka Mtowisa, kule bondeni. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshajua kwamba kile kiti kilikuwa cha Felisian, kaka yake Gaudensi, aliyefariki mwaka uliopita. Kadi ilikuwa ya ndugu wawili. Gaudensi aliilipia tena yote kwa sababu alipofika kwenye dirisha la tiketi ulimi ulimshinda kusema kwamba sasa anahitaji kiti kimoja.

"Nanuka samaki," Salome alimwonya walipobanana.

"Mimi nanuka dizeli. Tutafukuza walioko mbele, tuone vizuri."

Salome alicheka, na akashangaa kujisikia anacheka. Gaudensi naye alishangaa, maana sauti ya kicheko ilitoka upande ule ule kilikokuwa kinatoka kicheko cha Felisian. Alipenda na ikamuuma kwa wakati mmoja.

Mapenzi ya watu waliochoka hayana mbwembwe nyingi. Hawa wawili hawakupelekana hotelini wala kupigana picha. Walikutana uwanjani kila timu ilipocheza nyumbani, wakagawana karanga, kisha Gaudensi akamsindikiza hadi chumba chake Katandala, wakitembea polepole kwa sababu wote walikuwa na miguu mizito. Siku nyingine zote walikuwa na simu. Kule Mtowisa mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo Gaudensi alipanda juu ya magunia ya mpunga ndipo apige, na Salome alizoea kumuuliza yuko gunia la ngapi kabla ya kumsalimia. Alimwita Baba Magunia. Yeye aliitwa Mama Ziwa.

Jambo moja tu halikwenda. Ukoo wa Gaudensi ulikuwa umekaa kikao na kumtaka amrithi Lucia, mjane wa kaka yake, ili nyumba isibaki bila mwanamume. Gaudensi alimweleza Salome habari hiyo mwenyewe, akamwambia amekataa. Salome alimwamini, lakini si kwa moyo wote, kwa sababu kila alipomuuliza ni lini atakwenda Kabwe kujitambulisha kwa wazazi wake, jibu lilikuwa ni mvua zikiisha. Mvua za kwanza zikaisha, zikaja nyingine. Kule Kabwe, mama yake Salome alikuwa ameacha hata kuuliza, na kunyamaza kwa mama kulimuumiza Salome kuliko maswali yake ya zamani. Alikuwa amefika umri ambao mwanamke hataki tena kuchumbiwa kwa maneno tu.

Kisha ikaja mechi na timu kubwa ya Dar es Salaam. Walanguzi walizoa tiketi zote, wakaziuza nje ya lango kwa bei ya kukomoa, na watu wa Sumbawanga wakabaki wanasikiliza mpira wao nyuma ya ukuta. Uongozi wa klabu ulichukia, na kama ilivyo kawaida ya viongozi wakichukia, waliwabana wote. Kwenye mechi iliyofuata kipaza sauti kilitangaza sheria mpya. Tiketi na kadi zote zitakuwa na jina na kitambulisho. Hakuna kuuza, hakuna kuazima, hakuna kumpa rafiki. Kiti cha pili kwenye kadi kitaandikwa mke, mume, mzazi au mtoto wa mwenye kadi, na atakayebainika kudanganya atanyang'anywa vyote.

Salome alisikiliza tangazo lile akitazama mbele. Hakutaka Gaudensi aone uso wake.

"Nitashughulikia," alisema Gaudensi.

Salome alilibeba neno lile hadi Katandala, akalala nalo, akaamka nalo. Katika orodha ya watu wanaoruhusiwa, yeye angeweza kuwa mmoja tu. Aliona ni namna ya ajabu ya kuchumbiwa, kupitia sheria ya klabu ya mpira, lakini alikuwa tayari kuipokea hata hiyo.

Siku ya mechi Gaudensi hakuwa hewani. Mto ulikuwa umejaa na kukata barabara ya Mtowisa, na malori yote yalikwama bondeni. Salome alikwenda peke yake, na kilemba kipya, na kitambulisho mkononi. Msimamizi wa lango, kijana mpole aitwaye Zephania, aliingiza jina la Gaudensi kwenye mashine yake, akasoma, akainua macho.

"Hiki cha pili mwenyewe ameshaingia, dada."

"Mwenyewe nani?"

"Mke wake. Lucia. Ameingia sasa hivi tu."

Watu nyuma walisukuma. Salome alirudisha kitambulisho kwenye mkoba, akafunga zipu taratibu, akamshukuru Zephania. Kisha akashuka barabara ya Katandala akiwa na kelele za uwanja mgongoni, na hakulia mpaka alipofungua mlango wake. Alimfungia Gaudensi namba yake. Mwanamume aliyekuwa akimwambia amekataa kumrithi shemeji yake, kumbe amemwandika mke.

Sasa tuseme yaliyotokea kule dirishani. Gaudensi alikwenda kweli kuandika jina la Salome. Alipoulizwa huyu ni nani yako, akaona haya. Kwao, binti wa watu ambaye hujapiga hodi kwa wazazi wake huwezi kumwita mke mbele ya watu. Ni kama umemwiba. Na usiku uliotangulia Lucia alikuwa amempigia simu na kumwomba kitu kimoja. Maisha yote ya ndoa yake aligombana na Felisian kwa sababu ya mpira, na hakuwahi kumfuata uwanjani hata mara moja. Alitaka akakae kwenye kile kiti mara moja tu, halafu amwache marehemu apumzike. Shemeji hakuwemo kwenye sheria. Mjane wa ndugu hakuwemo. Gaudensi alikuwa ametoka kuendesha kutwa nzima kwenye matope, nyuma yake foleni inanung'unika, akasema mke ili yaishe. Alipanga kumweleza Salome na kubadilisha jina baadaye. Halafu akashuka tena bondeni, na mto ukajaa.

Mwanamume mwenye akili zake angeona mapema jinsi jambo hilo lingekuja kumgeukia. Lakini mtu aliyechoka haoni mbali.

Habari za mwanamke aliyerudishwa langoni zilimfikia Lucia, naye ndiye aliyekwenda sokoni wa kwanza. Alikuwa mwanamke mnene wa kiasi, bado amevaa kitambaa cheusi kichwani, na alisimama mbele ya meza ya migebuka kama mteja asiyejua anunue nini.

"Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako, mdogo wangu," alisema.

Salome alimsogezea kigoda. Lucia alikaa, akaeleza yote: simu, ombi lake, sheria, neno lililosemwa dirishani. Alisema kiti chenyewe ni kigumu, na kwamba alilia mpaka mapumziko huku watu wakidhani analilia timu. Mzee mmoja wa nyuma akampa karanga na kumwambia bado kuna kipindi cha pili. Salome alitaka asicheke lakini ikamshinda.

"Kwa hiyo hujarithiwa," alisema.

"Na Gaudensi? Nina watoto wa kunitosha, sitaki kulea na yeye."

Mteja mmoja alikuja, akachagua samaki wake, akaenda.

"Na wewe sina ugomvi, dada Lucia," Salome alisema mwishowe. "Ingekuwa mimi, ningeomba hivyo hivyo. Lakini lile neno mke nimelingoja kwake tangu kiangazi. Alisema ni zito, linahitaji mvua ziishe. Kumbe dirishani lilimtoka kirahisi, ili foleni isogee."

Lucia alinunua samaki ambao hakuwahitaji, akaondoka, na jioni ile ile, barabara ilipofunguka na Gaudensi akapanda kutoka bondeni, alimfikishia maneno yale kama yalivyosemwa.

Gaudensi aliyasikiliza akiwa ameegemea gurudumu. Yalimwingia kuliko alivyotegemea. Asubuhi alikwenda ofisi ya klabu, hata koti hajabadilisha, akamwambia karani kwamba Lucia si mke wake, ni shemeji yake, na kwamba alidanganya. Karani alimsikitikia. Alimshauri anyamaze, maana msimu umebaki mechi chache na hakuna aliyelalamika. Gaudensi alisema anayelalamika yupo. Basi karani akachukua kadi, akaikata kwa mkasi, kama sheria ilivyotaka. Kiti cha Gaudensi kikaenda, na cha Felisian kikaenda nacho. Alipotoka nje alikaa kwenye ngazi ya ofisi muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba kaka yake amekufa kweli.

Siku ya mechi ya mwisho baridi ilikuwa imeanza tena kushika uwanda. Salome alikuwa anafunga meza yake mapema wakati lori liliposimama kando ya soko. Gaudensi alishuka. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe la kwendea misa, amekonda.

"Shikamoo sikupi, hujanizidi umri," alisema. "Lakini nimekuja kwa heshima."

"Heshima gani hiyo ya kupaki lori mbele ya samaki za watu?"

Alimweleza kuhusu kadi. Hakujitetea. Salome alitazama mikono yake, ile mikono yenye mafuta yasiyotoka kwa sabuni, na akatambua kwamba hasira yake ilikuwa imechoka kabla yake. Alikuwa bado anampenda, na jambo hilo lilimchosha pia.

"Kiti cha Felisian umekitoa?"

"Nimekitoa."

"Lucia anajua?"

"Yeye ndiye aliyesema ni sawa. Mimi ndiye ambaye bado."

Salome alifunika samaki waliobaki kwa turubai, akapanda mbele ya lori.

Hawakuwa na tiketi, na hakuna ambaye angeweza kuwapa hata angetaka. Gaudensi aliegesha lori nyuma ya ukuta wa uwanja, wakapanda juu ya magunia ya mpunga na kujifunika koti lake moja. Ukuta ulikuwa mrefu. Walichoona ni nguzo za taa na mgongo wa ubao wa matangazo. Lakini walisikia kila kitu: filimbi, matusi, ngoma, ukimya wa mpira wa adhabu. Mahali fulani mle ndani viti viwili vilikuwa vitupu, na sheria ilikataza mtu yeyote kuvikalia hadi msimu uishe.

"Uko gunia la ngapi?" Salome aliuliza.

"La juu kabisa. Mtandao upo." Alimsogezea koti begani. "Salome, msimu ujao watafungua dirisha tena. Wataniuliza wewe ni nani yangu. Mimi najua nitakavyojibu. Nataka kujua kama na wewe unajua."

Salome alikuwa ameyangoja maneno hayo muda mrefu, na sasa yamekuja yamevaa shati la misa, juu ya mpunga, nyuma ya ukuta. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Usianzie dirishani," alisema. "Anzia Kabwe."

"Barabara ya Kabwe mbaya."

"Ya Mtowisa je?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Goli lilikuwa limeingia, na kutoka pale nyuma ya ukuta hawakuweza kujua ni la nani. Gaudensi alinyanyua shingo kwa mazoea, kisha akaishusha, akamvuta Salome karibu.

"Nimeshaomba ruhusa ya kutumia lori," alisema. "Tunakwenda Jumatatu. Mpigie mama yako."

Salome alitoa simu. Kabla ya kupiga aliifungua namba ya Gaudensi, iliyokuwa bado imefungiwa, kisha akamtafuta mama.