Gunia Bichi Juu ya Saruji

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi tarehe 23 Oktoba 1954, koki ya tangi jipya la Maji ya Chai ilifunguliwa mara tatu na haikutoa hata tone.

Mara ya nne aliifungua Inspekta Msaidizi Sefu mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuandika jambo aliloambiwa tu. Akaandika: kavu.

"Nimeshakuambia ni kavu," alisema Mkuu wa shule kwa Kiingereza. "Mgeni wetu anafika saa sita. Mhalifu yumo ndani ya gari lenu. Unasubiri nini?"

Mkuu huyo aliongoza shule ya bweni ya Wazungu karibu na mji wa Arusha. Alipenda kusema kwamba ina watoto wa mataifa kumi na moja, na hilo lilikuwa kweli: Waingereza, Wagiriki, Makaburu, Wadenishi na wengineo. Mwafrika hakuwamo, wala Mhindi. Tangu mwezi wa Mei, kila Jumamosi, wanafunzi kumi na wanane walipakiwa kwenye lori wakaja kuwajengea Wameru tangi la maji. Kwa maneno ya Mkuu, hivyo ndivyo kijana anavyojifunza kuwa raia wa dunia: kwa kumtumikia jirani. Leo tangi lilikuwa lizinduliwe kuadhimisha siku ya Umoja wa Mataifa. Bendera zilikuwa zimeshafungwa kwenye kamba.

"Nasubiri kuona bomba, Bwana," alisema Sefu.

Alilifuata bomba kutoka tangi lililoko kando ya barabara hadi kwenye chemchemi, hatua mia tatu na kumi na mbili. Mkuu alimfuata akihema. Nyuma yao walikuja fundi Gurbachan, Singasinga aliyewafundisha wanafunzi ujenzi, na Philemoni, karani wa shule ambaye pia ndiye mkalimani.

Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa saruji. Juu ya saruji palikuwa na gunia, na juu ya gunia majani ya mgomba. Sefu alilifunua gunia. Lilikuwa bichi, linachuruzika maji. Chini yake saruji ilikuwa imelainishwa kwa mwiko, na kingo zake zimenyooka kama za kizingiti.

Aliikwaruza kwa ufunguo. Haikushika alama.

"Uhuni mtupu," alisema Mkuu. "Chuki. Tunawapa maji, wanatupa hivi."

"Mhuni hafuniki saruji yake, Bwana. Fundi, hii ni ya lini?"

Gurbachan alichuchumaa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Siku mbili. Alhamisi mchana, pengine jioni. Inspekta, hii kazi safi kabisa. Mimi nikimpata huyu mtu, nampa kazi."

"Gunia la nini?"

"Bila gunia, jua nakula saruji, napasuka. Lazima funika, nyweshea asubuhi na jioni, siku tatu. Mimi napigia kelele watoto hawa kila Jumamosi. Gunia! Maji! Gunia! Maji!"

"Wameru hapa hufanya hivyo?"

"Hawa? Hawa najenga kwa udongo. Nani atawafundisha?"

"Wewe umewafundisha akina nani?"

"Wanafunzi kumi na nane. Basi."

"Alhamisi walikuwa wapi?"

"Darasani!" Mkuu alidakia, Philemoni alipomtafsiria. "Hawatoki bwenini siku za juma. Unawashuku watoto wangu? Mtu wako yumo garini!"

Sefu alianza kurudi kuelekea garini. Tangu afike, Mkuu huyu alikuwa amemwambia mara tano nani mwenye hatia, na hakuwa amemwonyesha kitu hata kimoja cha kuthibitisha.

Aliyekuwa garini ni Sadoki, mzee anayegawa zamu za maji ya mfereji. Konstebo alimkamata saa moja asubuhi kwa sababu mbili: Mkuu alimtaja, na miaka miwili nyuma jina lake lilionekana kwenye karatasi ya malalamiko ya ardhi ambayo Wameru waliipeleka Umoja wa Mataifa. Karatasi hiyo ilitosha. Akishtakiwa leo, Jumatatu angepakiwa kwenye gari la kuwahamishia watu mbali, na asingeuona tena mlima Meru mpaka wakubwa watakapopenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ungenifungua pingu ningeitikia vizuri zaidi."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Mfereji wa juu, tunauzibua. Watu arobaini. Asiyekuja hukosa zamu yake ya maji, kwa hiyo hata wavivu huja. Tulianza asubuhi, tukatoka jua limezama. Waulize."

"Bomba umeliziba wewe?"

"Nilitamani. Nimetanguliwa."

"Ulitamani kwa nini?"

Mzee alimtazama kwa makini. "Wewe si wa huku."

"Kondoa."

"Basi sikulaumu. Maji ya chemchemi ile yana rangi ya chai, umeyaona. Sisi tunayafulia nguo na kunyweshea ng'ombe. Mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno huwa ya kahawia. Wengine miguu hupinda, unaweza kupitisha ndoo katikati. Ya kunywa tunateka mfereji wa juu, unaotoka mlimani. Hapa kila mtu anajua."

"Mkuu wa shule aliambiwa?"

"Mwezi wa nne. Alitukalisha wazee saba, akauliza kama tunataka tangi. Tukamwambia: tangi tunataka, maji hayo hatutaki, yanapinda miguu ya watoto, vuta ya mfereji wa juu. Akaitikia kwa kichwa, akatushika mikono, akaenda zake."

"Miezi yote hii wanajenga, mkakaa kimya?"

"Walikuwa wanajenga tangi. Tangi si kosa. Bomba wamelitandika Jumamosi iliyopita tu."

"Mwezi wa nne mlisema naye kwa Kiswahili?"

"Kiswahili hajui hata cha kuombea chumvi. Kwa Kimeru. Alikuja na mkalimani."

Sefu alirudi kwa Mkuu. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Bwana, una kumbukumbu ya kikao cha Aprili?"

"Ninaandika kila kitu." Mkuu alitoa daftari jekundu mfukoni, akasoma kwa fahari: "'Wazee wamefurahi mno. Wanaomba maji ya chemchemi yavutwe haraka.' Nakala ilikwenda London. Watu wale wale! Sasa wameziba!"

"Watu hao walikwambia maji haya yanapinda miguu ya watoto."

"Hawakuniambia kitu kama hicho."

"Walisema, Bwana. Hukusikia wewe."

Sefu aligeuka. Philemoni alikuwa amesimama kando ya lori, kalamu sikioni, shati jeupe limepigwa pasi. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Bwana Philemoni, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho huku?"

"Ni muda sasa, Bwana Inspekta. Tunaingoja."

"Umekuja na lori?"

"Hapana. Tangu Alhamisi nalala kwa dada yangu Anjela. Nyumba ile pale."

"Kutoka pale mpaka hapa kuna mto wa kuvuka?"

"Hakuna."

"Umande?"

"Hakuna."

"Kila Jumamosi fundi akifundisha, nani aliwatafsiria wanafunzi kwa Kiingereza?"

"Mimi."

"Kwa hiyo fundi amefundisha watu kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa darasani."

Philemoni aliitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Gunia limenyweshwa leo saa ngapi?"

Philemoni alijifuta magoti kwa kiganja.

"Ungeliacha kavu nisingejua lolote. Kwa nini ulirudi?"

"Saruji isiponyweshwa siku tatu hupasuka," alisema Philemoni.

"Ikipasuka?"

"Maji hupita."

Sefu alimwambia kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa na huenda likatolewa mahakamani. Kisha alimwita konstebo. Pingu ilikuwa moja tu. Ilitoka mikononi mwa Sadoki saa tano na dakika nane, ikaingia mikononi mwa Philemoni, mbele, ili aweze kushika kalamu.

Maelezo yaliandikwa juu ya boneti ya gari.

"Mwezi wa nne nilimwambia Mkuu kwamba wazee wamekubali. Alikuwa ameshaagiza mabomba. Alishaandika barua London. Mkalimani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuleta majibu yasiyopendeza."

"Ukadhani itakuwaje?"

"Nilidhani haitafika mbali. Mambo mengi ya shule huanza Mei, Krismasi yamesahauliwa. Lakini hili likaendelea. Koki imewekwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwa Anjela. Ana watoto wanne. Yule mkubwa walimlea kwenye shamba la Mgiriki huko bondeni, akinywa maji ya namna hii. Mwone anavyotembea. Hao watatu miguu yao bado imenyooka. Mtoto hawezi kupanda mpaka mfereji wa juu na koki iko mlangoni."

"Ungemwambia Mkuu ukweli."

"Ningemwambia kwamba miezi sita nilimdanganya. Saruji ilikuwa rahisi zaidi."

"Na mzee Sadoki alipokamatwa?"

"Nilikuwepo. Nilitafsiri amri ya kumkamata. Niliitafsiri sawasawa."

Sefu aliandika hilo pia. Alikuwa amechoka na watu wote wa asubuhi ile kwa kiasi kinacholingana, isipokuwa mzee, ambaye alikuwa amekaa kwenye nyasi akisugua vifundo vya mikono.

Alimsomea Philemoni maelezo yote, kama sheria inavyotaka, akamuuliza kama kuna la kusahihisha.

"Lipo. Umeandika nilitafsiri uongo mara moja. Ni mara mbili."

"Ya pili lini?"

"Jumamosi iliyopita, bomba lilipotandikwa. Anjela alikuja na yule mtoto, akamsimamisha mbele ya Mkuu na wanafunzi wote, akamwonyesha miguu yake. Akasema kwa Kimeru, 'Tazama, kisha ufukue bomba lako.' Mkuu akaniuliza anasema nini. Nikamwambia, 'Anashukuru.' Wanafunzi wakapiga makofi."

Sefu aliongeza mistari hiyo kwa mkono wake. Philemoni alitia sahihi saa tano na dakika arobaini na mbili.

"Amesema nini?" aliuliza Mkuu wa shule.

Sefu akamtafsiria, neno kwa neno.